Sauti ya Mwangalizi wa Mawingu

Kwa miaka kumi na sita kazi ya Wankyo ilikuwa kutazama juu. Kila saa ilipotimia alitoka kwenye ofisi ndogo ya kituo cha hali ya hewa pale Musoma, akasimama katikati ya uwanja wa nyasi fupi, akaigawa mbingu vipande vinane kwa macho, kisha akaandika daftarini ni vipande vingapi vimefunikwa na mawingu. Saa tatu asubuhi alifungua kipimamvua, akamimina maji ya usiku kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji, akasoma. Kuna siku maji yalikuwa mengi hata akamimina mara mbili. Kuna siku lilikuwa tone moja tu, linatembea chini ya kioo kama limepotea njia. Hata hilo aliliandika.

Kazi ilimfaa kwa sababu haikutaka maneno. Wankyo alizaliwa Butiama, kwenye nyumba iliyozungumza Kizanaki asubuhi mpaka jioni, na ulimi wake haukuwahi kuona sababu ya kuzitenganisha l na r. Alipokuwa kidato cha pili aliitwa mbele ya mstari kusoma taarifa ya habari. Akasoma kwamba serikari itagawa chakura kwa warioathirika na ukame. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele taratibu kama upepo unavyopita juu ya majani, kikamfikia. Hakumaliza taarifa ile. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa, na watu wakamzoea hivyo. Hata mumewe, Lukas, fundi umeme mwenye maneno mengi, alisema alimwoa kwa sababu ndiye mtu pekee Musoma nzima aliyemsikiliza mpaka mwisho.

Miaka miwili iliyopita, mwishoni mwa Septemba, mkuu wa kituo, Bonifasi, aliugua siku moja kabla ya mkutano wa wakulima wa pamba katika kijiji kimoja nje ya mji wa Bunda. Akamtuma Wankyo. Utabiri wa vuli ulikuwa tayari, karatasi moja tu, alichotakiwa ni kuusoma.

Aliusoma. Alisimama mbele ya ghala la pamba, watu zaidi ya mia wamekaa chini na kwenye matofali, akaiinua karatasi mpaka ikaficha uso, akasema kwa pumzi moja kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani zenye mtawanyiko usioridhisha. Makofi yakapigwa. Akakaa. Hazikupita hata dakika mbili, naye akashukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Februari iliyofuata alirudi kijiji kile kukagua kipimamvua kilichokuwa kwenye shule ya msingi. Upande wa pili wa uzio kulikuwa na shamba la pamba fupi, majani yamejikunja, na ndani yake mzee mmoja mrefu aling'oa miche na kuirusha pembeni. Alipomwona aliacha, akaja mpaka kwenye uzio.

"Wewe si yule binti wa hali ya hewa?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi naitwa Mwandu. Hii ni mara ya tatu napanda. Mvua ya kwanza ilikuja vizuri, tukapanda. Ikakata wiki tatu, ikachoma yote. Tukapanda tena, ikachoma tena. Hii unayoiona imechelewa, haitatoa kitu." Akapangusa mikono. "Nilikuwa nataka kukuuliza. Nyie huko mlikuwaga mnajua kwamba itakata?"

Wankyo alisema, "Ndiyo. Niliwaambia siku ile."

Mzee Mwandu akaweka mikono juu ya uzio. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Wankyo.

"Ulisoma," akasema. "Mimi nilikuwepo, nilikaa mbele kabisa. Nilikusikia unasoma. Kutuambia, hapana, hukutuambia."

Akarudi kwenye miche yake. Wankyo aliandika kiasi cha mvua cha shule ile, na alipofika nyumbani Bweri akagundua ameandika namba ile ile mara mbili.

Ndipo alipojiandikisha. Aliona tangazo la chuo kimoja kwenye simu, kozi ya wiki kumi na mbili ya mawasiliano na kuzungumza mbele ya watu, yote kwa mtandao, darasa la pamoja kila Jumamosi saa kumi jioni. Alijaza fomu akiwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba, matofali ya chumba kisichokwisha yamepangwa nyuma yake, akabonyeza tuma kabla hajapata muda wa kujiuliza. Lukas aliposikia aliweka chini koleo.

"Wewe? Unaenda kujifunza kuongea?"

Wankyo akaitikia kwa kichwa.

"Basi hiyo ndiyo somo la kwanza umefeli," akasema Lukas, wakacheka wote wawili.

Jumamosi ya kwanza skrini ya simu ilijaa vijidirisha, na katika kila kidirisha kulikuwa na uso. Mwalimu aliitwa Mwanaupe, mama wa makamo mwenye Kiswahili cha pwani kilichotiririka bila jiwe hata moja ndani yake. Aliwataka wajitambulishe, dakika moja kila mtu. Zamu ya Wankyo ilipofika alifumba macho akaongea. Alisema jina, alisema Musoma, alisema habari za mawingu, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili alifika mwisho wa alichotaka kusema. Alipofumbua macho nyuso zote zilikuwa zimetulia, zinamtazama.

"Dada Wankyo," mwalimu akasema kwa upole, "maikrofoni yako ilikuwa imezimwa. Hatujakusikia. Hebu rudia."

Kurudia kulikuwa kugumu kuliko kuanza. Alisema jina lake na mji wake tu, tena kwa kunong'ona.

Kila mwanafunzi alipewa mwenzake wa kusikilizana naye katikati ya juma. Wankyo alipewa Anuari, seremala wa Bunda mjini, mzee wa miaka sitini na mbili aliyekuwa anaozesha binti yake Januari. Alitakiwa aseme maneno ya baba siku ya harusi, lakini kila alipofika kwenye jina la marehemu mke wake, sauti ilikatika. Walitumiana sauti kwa simu. Wankyo alisikiliza za Anuari huku randa ikipita juu ya mbao kwa mbali, shaa, shaa, na harufu ya mninga ikamjia ingawa alijua simu haina harufu. Anuari naye alimwambia, "Dada, katika sauti zako kuna upepo mwingi. Nikikusikiliza naona kama nimesimama juu ya kilima."

Wiki ya tatu mwalimu aliwataka wajirekodi na kujisikiliza bila kusimamisha. Wankyo alikaa kwenye majabali nyuma ya Bweri, pale ziwa linapoonekana kama kitambaa kilichotandikwa kikaachwa, akaweka simu sikioni. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke asiyemjua, nzito kidogo, haina haraka. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza majirani. Baadaye alipoambiwa aandike alichokiona, aliandika: Nilidhani sauti yangu ni ndogo. Siyo ndogo. Inakaa mbali tu.

Siku moja mchana wa joto, kati ya saa nane na saa tisa, alisinzia kwenye kiti cha kituo. Akaona vile vipande vinane vya mbingu vimeanguka, vimelala juu ya nyasi kama kanga zilizoanikwa, vingine vya buluu, vingine vya kijivu, na ndege wanatembea juu yake bila kujali. Ilimpasa avirudishe. Kila kipande kilisubiri kiitwe kwa jina, naye aliyajua majina yote, ila hakuwahi kuyatamka. Akafungua kinywa. Akaita la kwanza, na kipande kile kikanyanyuka polepole, kikapita usoni pake, kina ubaridi wa maji ya mtungi. Aliamka saa tisa kamili ikitimia. Akatoka nje, akaangalia. Vilikuwa juu vyote, vitatu vimefunikwa.

Aliwasimulia ndoto hiyo Jumamosi, bila kupanga, mwalimu alipoomba mtu wa kujitolea. Mtandao ulikuwa unakatika na kurudi, nyuso zinaganda na kuyeyuka. Alipomaliza kulikuwa kimya, naye akadhani amezima maikrofoni tena.

"Tumekusikia," Mwalimu Mwanaupe akasema. "Naomba nikuulize jambo. Hapo umesema mbingu zirikuwa zimerara. Unaona aibu ukisema hivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nimeelewa kila neno. Usikimbie mbele ya ulimi wako. Ukikimbia ndipo watu wanapoanza kuutazama ulimi badala ya kukutazama wewe. Nenda nao taratibu. Na ukifika mwisho wa wazo, nyamaza kidogo. Wewe unajua kunyamaza kuliko wote humu. Tumia hicho."

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kunyamaza kwake kuna kazi.

Wiki ya nane zoezi lilikuwa kumweleza mtu kazi yako, kisha yeye akueleze ulichosema. Wankyo alipanda gari kwenda Butiama kwa mama yake. Utabiri wa vuli mpya ulikuwa umeshatoka, na ulifanana na ule wa mwaka ule mbaya. Mama alikuwa anapepeta mtama uani, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, macho yamepungua lakini masikio bado mazima. Wankyo alikaa chini karibu naye akamweleza kwa Kizanaki, bila karatasi, kwamba mvua itaanza mapema Novemba, itanyesha siku chache, itakata kama wiki tatu, kisha itarudi na kukaa.

Mama alipepeta muda mrefu, makapi yanaruka kwenye mwanga wa jioni.

"Kwa hiyo," akasema, "ni kama mgeni amepiga hodi. Umefurahi, umeweka sufuria jikoni. Kumbe amesahau mzigo wake njiani, anarudi kuufuata. Wewe usipakue chakula. Acha aende, atarudi na mzigo, hapo sasa ndiyo mle."

Wankyo alimtazama mama yake. Miaka kumi na sita alikuwa anayaandika mambo hayo kwa tarakimu.

"Mama, hayo maneno nayaomba."

"Chukua. Nani aliyakataza?"

Zoezi la mwisho la kozi lilikuwa kuzungumza mbele ya watu halisi. Bonifasi alikuwa amepona na angeweza kwenda Bunda mwenyewe, lakini Wankyo aliingia ofisini kwake akamwambia, kwa sauti iliyomshangaza hata yeye, "Mkuu, mwaka huu naomba niende mimi tena." Bonifasi alivua miwani, akaivaa, akampa barua ya mwaliko.

Pale kwenye ghala la pamba alimkuta mzee mfupi mwenye kofia ya kiua amekaa kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, cha mninga, kimepigwa msasa vizuri. Alijua ni nani kabla hajasema.

"Nimekuja kukurekodi," Anuari akasema. "Wewe angalia watu, simu niachie mimi."

Mzee Mwandu alikuwa mbele, mahali pale pale.

Wankyo alisimama. Karatasi aliiacha kwenye mkoba. Aliangalia juu kwanza, kwa mazoea tu, akaona vipande viwili vimefunikwa, vyeupe, havina kitu ndani. Watu nao wakaangalia juu. Akangoja mpaka macho yao yaliporudi chini.

"Mwaka jana nilikuja hapa nikawasomea," akasema. "Sikuwaambia. Kuna watu walipanda mara tatu kwa sababu hiyo. Naomba radhi."

Akanyamaza.

Kisha akawaambia habari za mgeni aliyesahau mzigo. Alisema mvua na wingu na kupalilia, l zake zikaenda zilikotaka, na kijana mmoja akacheka mahali fulani, kicheko kikaishia pale pale kilipoanzia. Akawaambia tarehe. Akawaambia na mambo ambayo yeye mwenyewe hayajui. Mama mmoja aliyeitwa Kulwa akasimama akauliza, "Sasa hiyo mvua ya kwanza ikija kubwa, mpaka mtoni kunajaa, bado tungoje?"

"Bado mngoje, mama."

"Na majirani wakiwa wanapanda?"

Wankyo alifikiri. "Hapo itakuwa ngumu," akasema. "Mimi nikiwa na shamba, hapo ingekuwa ngumu hata kwangu."

Watu wakacheka, wakaanza kuuliza wote kwa pamoja, na mkutano uliotegemewa kwisha kwa nusu saa ulikwenda mpaka kivuli cha ghala kikavuka barabara.

Mvua ilikuja tarehe nne Novemba. Ilinyesha siku tatu, nzuri, nene, ardhi ikanukia, na wengi wakapanda. Mzee Mwandu hakupanda. Mama Kulwa alipanda nusu. Tarehe saba ikakata, jua likawaka, na mbegu zilizoota zikaanza kuinamisha vichwa. Utabiri ulisema mgeni atarudi kati ya tarehe ishirini na tano na mwisho wa mwezi. Wankyo aliisubiri tarehe hiyo kama anavyosubiriwa mtu kituoni. Ishirini na tano ikafika, mbingu nyeupe. Ishirini na nane. Tarehe mosi Desemba. Kila saa alitoka, akatazama, akaandika sifuri, na sifuri zile zikapangana kwenye ukurasa kama madirisha ya nyumba isiyo na watu.

Tarehe mbili Desemba aliomba ruhusa, akapanda basi kwenda Bunda. Hakuna aliyemtuma. Alimwomba mwenyekiti wa kijiji awaite watu, wakaja kama arobaini hivi, na safari hii hawakukaa.

"Tulisema itarudi kabla ya mwezi kwisha," akasema. "Haijarudi. Tumekosea siku, na nimekuja kuwaambia kwa mdomo wangu. Tunavyoona sasa itafika kati ya tarehe tano na tarehe nane. Siwezi kuapa."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti. "Mlituambia tungoje, tumengoja. Watoto wetu watakula kungoja?"

Wankyo alimtazama yule mtu mpaka akawa na hakika kwamba anajua ametazamwa. "Sina jibu la hilo, kaka," akasema. "Ningekuwa nalo nisingelificha."

Mzee Mwandu akasogea mbele, akasimama karibu na Wankyo. Alisimama tu, mikono nyuma, mpaka watu walipoanza kutawanyika. Alipomsindikiza barabarani akasema, "Mwanangu, mbegu yangu bado iko kwenye gunia. Nitangoja mpaka tarehe kumi. Baada ya hapo nitapanda hata kwenye vumbi, wala sitakulaumu."

Siku nne baadaye, saa tisa alasiri, Wankyo alikuwa uwanjani kituoni. Mawingu yalikuwa yamejijenga upande wa kusini, marefu, meusi chini, vilele vyake vinang'aa kama mtu kawasha taa ndani. Musoma palikuwa pakavu. Alihesabu vipande sita. Simu ikalia mfukoni.

"Halo," akasema.

Hakuna aliyejibu. Ulikuja mvumo tu, mzito, usio na mwanzo, na ilimchukua muda kuelewa kwamba ni mabati. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati, karibu sana, na ndani yake kulikuwa na kuku, na mlango unabamizwa, na mtu anacheka. Wankyo alikaa chini kwenye nyasi. Alisikiliza mpaka simu ikakatika yenyewe. Namba ilikuwa ya Mzee Mwandu. Alikuwa ameishika simu juu, kuelekea paa.

Pamba ya mwaka ule haikuwa ya maajabu, lakini ilisimama. Mama Kulwa alisema nusu yake iliyongoja iliipita ile nyingine kwa kimo cha goti. Cheti cha Wankyo kilikuja kwa barua pepe, Lukas akakichapisha mjini na kukitundika ukutani kwa umakini wa fundi, akapima kwa pima maji kisiende upande. Anuari alisema maneno yake kwenye harusi ya binti yake. Alipofika kwenye jina la marehemu sauti ilikatika kama kawaida, ila safari hii hakukaa. Alingoja, ukumbi ukangoja naye, akaendelea.

Mwezi Machi walimwita Bukima, kwenye mwambao, kuzungumza na akina mama wanaoanika dagaa. Mvua ya ghafla ikiwakuta, kazi ya siku mbili inageuka uvundo. Alifika asubuhi. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye nyavu mpaka majini, wanameta, hata mtu asijue ziwa linaanzia wapi. Wanawake walimkusanyikia, mikono bado ina magamba.

Mmoja wao, bibi kizee mwenye sauti ya kukwaruza, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye yule anayeongeaga na mvua?"

"Hapana, bibi," Wankyo akasema, akivua viatu ili akae nao mchangani. "Nimekuja kuongea na nyie. Nianzie wapi? Niambieni kwanza huwa mnaionaje ikija."

Wakaanza kumwambia.